Muulize Mwalimu: Herakles kwenye kigae cha chungu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Darasa la Sita hapa Tukuyu, watoto 58. Kazi yao ya muhula ni miungu na mashujaa wa Wagiriki wa kale. Nilitaka watengeneze sanamu za maboksi, lakini manila na rangi ni ghali. Tena wiki iliyopita mzazi mmoja, mzee wa kanisa, alikuja ofisini akasema nawafundisha watoto kuabudu sanamu. Niiache?
Mwalimu wa kike, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiiache. Acha maboksi.

Mimi niliyajaribu Iringa, enzi hizo nina meno yote. Tulimtengeneza Hydra, yule nyoka ambaye shujaa Herakles akimkata kichwa kimoja vinaota viwili. Tulimpa vichwa tisa vya boksi na gundi ya uji wa ngano, tukamlaza stoo Ijumaa. Jumatatu tukakuta panya wamekula vinne, na hakikuota hata kimoja. Herakles alisaidiwa na mpwa wake, Iolaus, aliyekuwa akichoma shingo kwa moto. Panya wetu hawakuhitaji mpwa.

Tumia vyungu. Katika karne ya 6 kabla ya Kristo wafinyanzi wa Athens waliwachora mashujaa hawa kwa weusi juu ya udongo mwekundu, kisha wakakwaruza kwa ncha kali kutoa macho, ndevu na manyoya. Nawe uko Tukuyu, jirani na Wakisi wa Ikombe, wafinyanzi wa pale Ziwa Nyasa! Waombe akina mama wauza vyungu vile vilivyovunjika. Kwanza sugueni kingo za vigae kwenye jiwe, maana hukata vidole. Masizi ya sufuria za shule yachanganye na uji mwepesi, mtoto apake umbo kwa kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki. Likikauka, akwaruze kwa mwiba wa mlimau.

Uzuri wa kigae ni udogo wake. Hadithi nzima haienei, kwa hiyo mtoto atachagua. Simba wa Nemea ngozi yake haipenyi mshale, ndiyo maana Herakles anamkaba. Sasa mkono unapita wapi? Miguu ya nyuma ya simba inakanyaga nini? Nimeona watoto wakikabana uwanjani kutafuta jibu. Mmoja wao na amchore Hephaestus, mungu mhunzi aliyekuwa kiwete; huyo ndiye nimpendaye mimi.

Kuhusu mzee, usibishane naye. Mpe kiti, mfungulie Matendo ya Mitume sura ya 14. Watu wa Listra walimwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, wakaleta ng'ombe wa kuwatolea dhabihu, mitume wakararua mavazi yao. Zeu huyo ndiye Zeus wa darasani kwako, mkuu wa miungu ya Wagiriki, na yumo ndani ya Biblia nyumbani kwa mzee miaka yote. Muulize mtoto ataielewaje sura hiyo bila kujua Zeus alikuwa nani kwa watu wale. Ukiweza, mwombe aje kuisoma mwenyewe siku ya maonyesho.

Jambo dogo: Olympus, mlima wa Zeus, una mita 2,917. Rungwe mnaouona dirishani una kama 2,960. Waambie siku ya kwanza kabisa. Sisi Iringa tulikuwa na jiwe la Gangilonga tu.