Sayari "mgombea" inagombea nini?

Swali limetoka kwa msomaji wa Nyegezi, anafundisha sayansi shule ya msingi. Kaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimekutana na sentensi mtandaoni inasema 'wanasayansi wamevumbua sayari mgombea nyingine inayozunguka nyota ya mbali, kwa sasa bado wanaihakikisha'. Nikawasomea watoto, mmoja akauliza inagombea jimbo gani, darasa zima likacheka na mimi nikakosa jibu. Hicho ni Kiswahili kweli?"

Marahaba mwalimu mwenzangu. Huyo mtoto mpe soda, maana kashika penyewe. Maneno yote ya hiyo sentensi ni ya Kiswahili ila matatu yamekaa kwenye viti visivyo vyao: vumbua, mgombea na hakikisha.

Tuanze na mgombea. Neno linatokana na gomba, likawa gombea, yaani kuna kitu unakitaka na kuna mwenzako naye anakitaka. Ndo maana tunaye mgombea udiwani na mgombea ubunge. Sayari haitaki kitu chochote na haishindani na mtu. Kinachotokea ni kwamba wataalamu wameona dalili kwenye nyota fulani, wanadhani ni sayari, lakini bado hawajawa na uhakika. Mashaka yako kwa mtazamaji, sayari yenyewe haihusiki, kama ipo ipo na kama haipo haipo. Wengine wanapendekeza "sayari tarajiwa", ni afadhali kidogo ila na yenyewe inanikwaza, kwa sababu mama mtarajiwa ana mtoto anakuja na bibi harusi mtarajiwa ana siku imepangwa, sasa hiyo sayari inakuja kutoka wapi? Mimi naandika "sayari inayodhaniwa". Ni ndefu, sawa, lakini haidanganyi.

Vumbua na gundua ndo patamu, na sisi watu wa Mwanza tuna haki ya kulisemea hili kuliko wengine. Vumbua siku hizi watu wanalitumia pote pote, kavumbua dawa, kavumbua simu, kavumbua kisima, kwa hiyo msomaji anabaki hajui kama kitu kilikuwepo kikaonekana au hakikuwepo kikatengenezwa. Sayari ilikuwepo, kwa hiyo gundua. Sasa kuna mtu atasema mbona hata gundua lina kesi yake, tunafundishwa shuleni kwamba Speke, yule msafiri Mwingereza, aligundua Ziwa Victoria wakati Wasukuma na Wakerewe walikuwa wanavua humo toka enzi za mababu! Kesi hiyo ni ya kweli na mimi niko upande wa wavuvi. Ila kwa sayari za mbali hatujui mkaaji yeyote wa kumkosea heshima, tumia gundua bila wasiwasi.

Na huyo huyo Speke anatusaidia kwenye neno la tatu, sikiliza. Alifika huku kwetu Agosti 1858, akaona maji hayana mwisho, akakaa siku chache akageuka, akaenda kutangaza kwamba hapa ndo chanzo cha Mto Nile. Hakuwa amezunguka ziwa, hakuwa ameuona mto ukitoka. Mwenzake Burton akamkatalia kabisa. Akarudi 1862 akayaona maji yakitoka pale Jinja, watu bado wakabisha, mpaka 1875 msafiri mwingine, Stanley, akaingia kwenye mashua akalizunguka ziwa zima ndo maneno yakapungua. Kwa hiyo Speke alidhani, halafu akaona, Stanley akathibitisha. Vitenzi vitatu, hatua tatu, na aliyedhani alikuja kuonekana yuko sahihi lakini mwaka 1858 ilikuwa bado ni dhana.

Sayari zinapita njia hiyo hiyo. Chukua usiku wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao, wewe uko juu Capri Point unaangalia taa moja tu ya mbali. Ghafla mwanga unapungua kidogo halafu unarudi. Unajua kuna kitu kimekatiza mbele ya taa, hujui ni mdudu, ni ndege au ni mvuvi kasimama. (Kukatiza ndo neno lake hapo, sio kupatwa, maana jua likipatwa tunatarajia giza, wakati sayari kubwa kama Mshtarii ikikatiza mbele ya nyota kama jua letu inapunguza mwanga kama asilimia 1 tu, na ndogo kama Dunia haifiki hata sehemu moja ya mia ya hiyo asilimia.) Darubini ya Kepler iliyorushwa angani 2009 ilifanya kazi hiyo, inakodolea macho nyota zaidi ya laki moja kwa pamoja ikisubiri mwanga ushuke. Mwanga ukishuka mara moja hawakuamini, walitaka ushuke tena na tena kwa vipindi vile vile, na hata hapo inaweza kuwa ni nyota mbili zinazozungukana, moja inaiziba nyingine, sayari hakuna.

Ndo hapo wanatafuta ushahidi wa njia nyingine. Mtu akihamahama ndani ya mtumbwi, mtumbwi unayumba, hata kama ni usiku na mtu humwoni unajua yumo. Nyota nayo inayumba ikivutwa na sayari yake, na kuyumba kunaonekana kwenye mwanga wake. Andika kuyumba, usiandike kutikisika, kutikisika ni haraka haraka kama bati kwenye upepo. Kwa njia hiyo wanaanga wawili wa Uswisi, Mayor na Queloz, waligundua mwaka 1995 sayari ya nyota 51 Pegasi, inayomaliza mzunguko kwa siku 4 na kidogo, wakaja kupewa Nobeli 2019.

Sasa hakikisha na thibitisha. Hakikisha ni kazi unayojifanyia wewe, hakikisha umefunga geti, hakikisha gesi imezimwa. Huwezi kumwambia mtoto "thibitisha umefunga geti" labda kama mko mahakamani. Thibitisha ni kuweka ushahidi mezani wengine waukague, na sayari inahitaji hicho. Kuna moja inaitwa Kepler-1658b, ilikuwa ya kwanza kabisa kudhaniwa na darubini ile, wakaja kuikana kwa sababu ukubwa wa nyota yake ulikuwa umekadiriwa vibaya, ikathibitishwa 2019, miaka kumi baadaye. Ilidhaniwa, ikakanwa, ikathibitishwa. Angalia hiyo -ka- inavyofanya kazi, mwandishi angeandika "imevumbuliwa" tu habari yote ingepotea.

"Nyingine" iache, iko sawa, wala usimsikilize anayekulazimisha "ingine".

Kwa hiyo ubaoni andika: "Wanasayansi wameona dalili za sayari nyingine inayozunguka nyota ya mbali, lakini bado haijathibitishwa." Na wakikuuliza kama zipo zilizothibitishwa waambie zimeshapita 6,000, na moja ilipewa jina na sisi Watanzania mwaka 2019, nyota inaitwa Mpingo na sayari yake Tanzanite. Mpingo sina neno nalo. Hiyo Tanzanite ningependa waiandike tanzanaiti kama tunavyoitamka, ila nimechelewa, jina limeshasajiliwa.