Re: Kipato kidogo, nyie raha mnaipata wapi?

Mkuu umeuliza sie wa kipato cha kawaida raha tunaipata wapi, maana wewe usipotoka wikiendi unaona kama huishi. Mi nakaa Kigamboni, jioni nikitoka Kariakoo napanda kivuko pale Magogoni, nauli ndogo tu, sikai kwenye benchi nasimama pembeni kabisa upepo wa bahari unanipiga, ukibahatika unaona limeli limejaa makontena linaingia bandarini, ni dakika chache ila kichwa kinakuwa chepesi balaa. (Asubuhi sizungumzii, ile foleni haina raha yoyote.) Nikivuka kuna mzee wa kahawa, kikombe kidogo, chungu kwelikweli, na kashata ya karanga, hapo tunabishana Simba na Yanga mpaka mzee mwenyewe anatufukuza, na simu haikumbukwi kabisa. Sikudanganyi lakini, kodi ya nyumba ikifika kahawa haisaidii kitu, mawazo yapo palepale. We uko mkoa gani? Kama ni Mwanza mbona una ziwa hapo na sato wa kukaanga, jioni nenda kakae mwaloni uangalie mitumbwi, bure kabisa.