Chanjo ya malaria na homa iliyorudi

SWALI: Mhariri, mjukuu wangu alikamilisha chanjo ya malaria hapa Siaya, lakini mwezi uliopita homa ilimpanda usiku, akatetemeka hadi kitanda kikatikisika, na kipimo kikaonyesha malaria. Je, watafiti walitudanganya?

JIBU: Nyanya, pole kwa kuuguza. Hukudanganywa, ingawa naamini wazazi wanastahili kuelezwa jambo hili waziwazi siku ya chanjo. Chanjo hiyo, iitwayo RTS,S, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019, huufundisha mwili kukitambua kimelea katika ule muda mfupi kinaposafiri kutoka kwenye mate ya mbu hadi kwenye ini. Vikipenya vichache tu, huzaliana humo kwa maelfu, kisha huingia katika damu na kuleta homa. Ndiyo maana katika utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 7 za Afrika, Siaya ikiwa miongoni mwa maeneo yake, watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote 4 walipungukiwa na visa vya malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka 4. Kwa kijiji chenye mbu wengi, hiyo ni nafuu kubwa mno.

Chandarua kiendelee kutumika, na homa ikirudi apimwe siku hiyo hiyo.