Kupima kamera kwenye emuleta ya Android: anza na ruhusa, picha ije baadaye

Emuleta, yaani programu inayoiga simu ya Android ndani ya kompyuta, haina lenzi, kwa hiyo usiitumie kuamua kama picha za programu yako ni nzuri. Itumie kwa yale yanayozunguka picha: ruhusa, kughairi, kurudi kutoka kwenye kamera, kusoma QR. Huko ndiko programu nyingi huanguka.

Kwanza amua picha itoke wapi. Fungua Device Manager ndani ya Android Studio (programu ya kutengenezea programu za Android), hariri simu unayoitumia, nenda kwenye mipangilio ya ziada, kisha utafute Camera. Emulated huchora miraba inayotembea. Inatosha kuthibitisha kwamba kamera inafunguka. Webcam0 huleta picha ya kamera ya kompyuta yako. VirtualScene, inayopatikana kwa kamera ya nyuma tu, hukuweka ndani ya chumba cha kuigiza. Badiliko lisipoingia, zima simu hiyo na uiwashe upya kabisa kwa Cold Boot Now, maana kwa kawaida emuleta huamka kutoka kwenye hali iliyohifadhiwa.

Ukichagua Webcam0 na kioo kikabaki cheusi, andika `emulator -webcam-list` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) uone kama kamera inatambulika. Mara nyingi imeshikwa na programu nyingine, hasa ya mikutano au kivinjari. Ifunge hiyo kwanza. Kwenye Windows, angalia mipangilio ya faragha kama programu za kompyuta zimeruhusiwa kutumia kamera. Kwenye Mac, ruhusa hiyo hupewa Android Studio, au terminali kama emuleta imewashwa kutoka huko.

Kwa QR, VirtualScene ni bora kuliko kuinua karatasi mbele ya kompyuta, kwa sababu mwanga na picha havibadiliki kati ya jaribio na jaribio. Hifadhi QR kama PNG, ukiacha ukingo mweupe wenye upana wa vijiraba vinne vya QR yenyewe pande zote. Ukingo ukikatwa, visomaji vingi hushindwa. Bonyeza nukta tatu pembeni mwa emuleta, ingia Camera, uiweke picha kwenye Wall, yaani ukutani mwa chumba kile cha kuigiza. Kisha shikilia Alt (Option kwa Mac), geuza kichwa kwa kipanya na utembee kwa W, A, S na D mpaka ulifikie bango lenye QR hiyo. Lisome ukiwa mbele yake, halafu kwa mshazari, halafu kwa mbali. Kisomaji kinachofaulu mbele tu bado hakijafaulu.

Sasa ruhusa. Usijaribu njia ya “ndiyo” pekee. Kuanzia Android 11, mtumiaji akikataa mara mbili mfumo haumwulizi tena, na kitufe chako cha kamera kitaonekana kimekufa usipompa maelezo na njia ya kufika kwenye mipangilio. Kurudia jaribio tangu mwanzo, tumia `adb shell pm clear` (adb ni zana ya kuituma simu amri kutoka kwenye kompyuta) ukifuatisha jina la pakiti, yaani jina la utambulisho wa programu yako. Kumbuka inafuta na data. Kuna mtego mwingine hapa: hata kama unaiachia programu ya kamera ya simu ipige picha, ukiwa umetangaza ruhusa ya CAMERA kwenye manifesti (faili linalotaja ruhusa za programu) na mtumiaji hajakupa, `ACTION_IMAGE_CAPTURE`, yaani ombi la kuifungua kamera hiyo, itarusha kosa la SecurityException. Kama huihitaji ruhusa hiyo, iondoe kwenye manifesti.

Jaribio linalorukwa na wengi ni hili. Kutoka kwenye programu yako fungua kamera ya simu, na kabla ya kupiga picha andika `adb shell am kill com.mfano.programu`, ukiweka jina la pakiti yako. Kisha piga, kubali, urudi. Simu yenye RAM ndogo hufanya hivyohivyo yenyewe, kwani kamera hula kumbukumbu na programu iliyo nyuma huuawa. Kama njia ya faili la picha ulikuwa umeiweka kwenye kigeu cha kawaida, itakuwa null (tupu) na picha itapotea au programu itaanguka. Ihifadhi kwenye `SavedStateHandle` au `onSaveInstanceState`, ambako itabaki hata programu ikiuawa. Rudia pia kwa kubonyeza kitufe cha kurudi bila kupiga: lisibaki faili tupu kwenye orodha ya picha.

Yaliyobaki yanataka simu halisi, na ni afadhali iwe ya bei nafuu. Kwenye emuleta picha ni ndogo. Simu ya megapikseli 12 hutoa 4000 kwa 3000, na kwa baiti 4 kila pikseli, bitimapu moja (picha ikiwa imefunguliwa kwenye kumbukumbu) inafika MB 48. Fungua tatu bila kuzipunguza ukubwa kwa `inSampleSize` uone kama kumbukumbu itatosha. Piga pia moja ukiwa umesimamisha simu wima: simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuandika mzunguko kwenye EXIF (maelezo yaliyomo ndani ya faili la picha), na msimbo usiosoma EXIF huionyesha kiubavu.