Maswali ya Wasomaji: Beji za Skauti Wadogo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa viongozi wa skauti na wazazi ambao watoto wao ndio kwanza wameanza kutafuta beji. Tumechagua nne.

Shikamoo Mwalimu. Nimekabidhiwa kundi la skauti wadogo 14 wenye umri wa miaka 7 hadi 9, pamoja na orodha ya masharti ya beji ambayo kwa kweli inanitisha. Nimeanza na mafundo, nikiyachora ubaoni hatua kwa hatua, lakini kila mara baada ya robo saa nusu ya watoto huwa wanachapana kwa kamba. Nifanyeje? — Kiongozi mgeni

Marahaba. Watoto wako hawana kasoro. Kasoro iko ubaoni. Fundo halisomwi kwa macho, husomwa kwa vidole, na mtoto wa miaka 7 aliyeshika kamba huku akiambiwa atazame mchoro atafanya kile ambacho kamba inamwita akifanye. Futa michoro. Mpe kila mtoto vipande viwili vya kamba vyenye rangi tofauti, tuseme nyekundu na nyeupe, kila kimoja kiwe na urefu wa karibu mita 1 na unene wa kidole chake, kisha keti nao sakafuni mkielekea upande mmoja. Usiketi ukiwakabili, kwa sababu mkono wako wa kulia utaonekana kwao kuwa upande wa kushoto, na fundo zima litawageukia kichwani.

Anza na lile fundo bapa la kufungia bendeji. Ncha nyekundu ikiwa mkono wa kulia, ipite juu ya nyeupe na kuzama chini yake. Sasa nyekundu imehamia kushoto, nayo ipite tena juu ya nyeupe, izame, kisha zote mbili zikazwe. Mtoto hahitaji kukariri habari za kulia na kushoto, maana anachopaswa kukumbuka ni kwamba nyekundu hupanda juu mara zote mbili. Akikosea akaipandisha nyeupe mara ya pili, usimsahihishe papo hapo. Mwache akaze, aone jinsi ncha zinavyochomoza pembeni badala ya kulala sambamba na kamba, kisha avute na kushuhudia fundo likiteleza. Kosa alilolivuta kwa mikono yake mwenyewe halirudii mara nyingi.

Baada ya hapo waambie watazame viatu vyao. Fundo la kamba za kiatu ni lile lile fundo bapa, ila limefungwa kwa vitanzi. Vitanzi vikilala kukingama kiatu, mmoja kulia na mwingine kushoto, fundo ni sahihi. Vikielekea vidoleni na kisiginoni, ni lile la kombo, na ndiyo sababu kiatu hicho hufunguka kila mara njiani. Mimi nililijua jambo hili nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikainama kutazama viatu vyangu, nikanyamaza.

Kuna onyo moja ambalo halipaswi kusahaulika hata kwa watoto wadogo: fundo hili ni la bendeji na vifurushi, wala si la kumning'iniza mtu au kubebea mzigo wowote unaoweza kumwangukia mtu.

Kuhusu muda, usizidishe dakika 15 kwa kazi moja ya mikono. Wakimbize kidogo, kisha warudishe kwenye jambo jingine, kama ule mchezo wa kukumbuka vitu uliotumiwa na maskauti tangu enzi za Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Panga vitu 10 juu ya meza, wape dakika moja ya kuvitazama, vifunike kwa kitambaa, kisha kila mmoja akunong'oneze anavyovikumbuka. Wakizoea, ongeza hadi 24. Safari nyingine ondoa kimoja kwa siri na uwaulize ni kipi kimetoweka. Hapo hutasikia anayechapwa kwa kamba.

Mwalimu, mwanangu wa miaka 8 alitakiwa kukusanya majani ya aina 10 na kuyabandika kwenye daftari ili apate beji ya mazingira. Usiku wa mwisho nilijikuta nikiyabandika mwenyewe na kuandika majina yake kwa mwandiko mzuri. Beji ameipata, lakini roho inanisuta. — Mama mwenye gundi mikononi

Mama, roho yako ina haki, ingawa nisingekushauri umlazimishe mtoto kuirudisha beji, kwa kuwa kosa lilikuwa lako na aibu ya kuirudisha ingemwangukia yeye. Badala yake, mrudie kazi hiyo kwa kipimo kidogo. Achague majani matatu tu, ayaweke chini ya karatasi nyembamba na kuisugua kwa ubavu wa kalamu ya rangi ya nta hadi mishipa ya jani ijitokeze. Muulize kingo za lipi ni laini na za lipi zina meno, na lipi lina harufu likifikichwa, ila kwanza wewe uhakikishe kwamba si la mmea unaowasha wala wenye sumu. Baadaye ayakaushe kati ya karatasi chini ya vitabu vizito, akibadilisha karatasi kila baada ya siku moja au mbili ili yasiote ukungu. Majina ayaandike mwenyewe, hata kama herufi zitapinda. Nimesahihisha madaftari mengi ya aina hii, na nakuhakikishia kwamba mwandiko wa mama hutambulika tangu jalada.

Je, mtoto wa miaka 7 anaweza kweli kufundishwa huduma ya kwanza, au tunamtwika mzigo usio wake? — Baba mwenye wasiwasi

Anaweza, iwapo tutachagua yale yanayomfaa. La kwanza ni kuomba msaada: ajue jina lake kamili, mahali alipo na namna ya kueleza kilichotokea kwa sentensi mbili, jambo ambalo hufundishwa vizuri kwa kuigiza mazungumzo ya simu. La pili ni damu ya puani: aketi, ainame kidogo mbele wala si nyuma, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 huku akipumua kwa mdomo. La tatu ni kuungua: maji baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, bila barafu, mafuta wala dawa ya meno, na mtu mzima aitwe mara moja. Hayo yanamtosha kwa sasa.

Katika kundi langu yumo mtoto wa miaka 9 ambaye mkono wake mmoja ni dhaifu. Anapenda sana skauti, lakini hawezi kufunga fundo kwa muda uliowekwa. Nimpe beji kwa huruma, au nimnyime kwa haki? — Kiongozi

Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Mpango wa skauti wadogo ulianzishwa rasmi nchini Uingereza mwaka 1916 kwa sababu watoto walikuwa wakiwafuata kaka zao kwenye mikutano, na masharti ya wakubwa hayakuwafaa. Kwa hiyo kumpimia mtoto kazi inayolingana naye si upendeleo uliozuka jana. Baden-Powell mwenyewe alieleza kwamba beji ipime juhudi ya mtoto, wala si kiwango cha ubora wa kazi yake. Huruma ingemwambia mtoto huyu kwamba hutegemei lolote kutoka kwake, na watoto hulinusa jambo hilo upesi.

Acha fundo libaki, lakini ondoa saa. Kamba moja ifungwe kwenye mguu wa meza ili mkono wenye nguvu ufanye kazi na ule dhaifu ushikilie tu, au aibane kamba kwa goti. Tumia kamba nene zaidi isiyoteleza. Mpe wiki kadhaa za kujizoeza, na alifunge fundo hilo mara tatu katika siku tofauti, kwa kuwa kulibahatisha mara moja si kulijua. Zungumza na mtahini mapema kuhusu utaratibu huo na kuuandika kwenye kadi ya maendeleo ya mtoto, ili siku ya mtihani pasiwe na mnong'ono wowote juu ya kichwa chake wakati anashika kamba.