Redio haikulazi, jaribu feni

Pole dada. Umesema unalala Ngamiani jirani na kijiwe cha bodaboda, unashtuka usiku wa manane, na redio unayoiacha ikiongea haisaidii. Haiwezi kusaidia. Maneno yana maana, na ubongo hata ukisinzia huendelea kuyafuatilia. Likija tangazo la sauti ya juu, macho hayo!

Kinachoamsha zaidi ni badiliko la ghafla. Kwa hiyo tafuta mvumo usiopanda wala kushuka, ufunike kelele za ghafla za nje. Feni inatosha, tena kwa joto letu la Tanga unapata na upepo. Iweke upande wa dirisha la barabarani, iwe kati yako na hizo pikipiki, na isikupulize usoni.

Umeme ukikatika, tumia sauti ya mvua uliyoihifadhi kwenye simu. Ya mtandaoni inakula bando, na matangazo ni yale yale. Usiiwekee muda wa kujizima, maana ukimya wa ghafla nao huamsha. Sauti iwe ndogo, simu mbali na mto. Kama kuna mtoto mchanga chumbani, punguza zaidi.

Ila kama unakoroma sana na kuamka umechoka, hilo si la feni. Kamwone daktari.