Wanafunzi wangu sasa wanakataa kila habari ya sayansi

Swali: Nafundisha Biolojia kidato cha pili, wanafunzi 50. Niliwapa maswali kumi ya kuipima habari ya sayansi wanayoikuta gazetini au WhatsApp: nani kasema, nani kalipa, na kadhalika. Wameyakariri vizuri. Lakini sasa kila habari jibu lao ni moja: “Uongo, wamelipwa.” Nimekosea wapi?

Jibu: Mwalimu, “nani kalipa” ndilo swali jepesi kuliko yote, kwa hiyo wanakimbilia hapo na kuyaruka magumu. Liweke pembeni wiki mbili, uanze na moja tu: watafiti walipima vitu vingapi?

Mfano mzuri ni wa 2015, magazeti kadhaa, likiwemo Bild la Ujerumani, yalipoandika kwamba chokoleti husaidia kupunguza uzito. Jaribio lilifanyika kweli, kwa wiki tatu. Waliomaliza walikuwa watu 15 tu katika makundi matatu, na kila mmoja alipimwa vitu 18: uzito, kolesteroli, usingizi na vinginevyo. Ulikuwa mtego wa mwandishi John Bohannon na wenzake, kuona kama waandishi wangeuliza chochote. Darasani usiitaje siri hiyo mapema.

Badala yake andaa mifuko kumi isiyoonyesha ndani. Kila mfuko tia maharage 20 ya aina moja na ukubwa mmoja, moja ulipake wino wa kalamu na uukaushe. (Ukitumia haragwe la aina nyingine, vidole vitalitambua.) Hilo moja kati ya 20 ni ile asilimia 5 ambayo watafiti wengi huitumia kama mpaka wa kusema “hii si bahati tu”. Kundi la wanafunzi watano litoe haragwe moja, liandike, lilirudishe, litikise mfuko, mara 18. Kila mara ni kipimo kimoja cha chokoleti isiyofanya kitu chochote mwilini; likitoka lenye wino, kipimo hicho kimeonyesha “matokeo” kwa bahati tu.

Kulikosa lenye wino mara zote 18 ni 0.95 kuzidishwa kwa yenyewe mara 18, karibu 0.40. Kwa hiyo tegemea makundi kama sita kati ya kumi yalipate. Yakiwa manne au manane usishtuke, makundi kumi ni machache. Yakilipata karibu yote, uliza kwanza kama walikuwa wanarudisha: asiyerudisha nafasi yake hupanda hadi 18 kwa 20. (Vipimo vya mwili mmoja huwa vinahusiana, hivyo 60% ni makadirio, kwa kidato cha pili inatosha.)

Waliolipata waandike kichwa cha habari kana kwamba walipima kitu hicho kimoja tu. Waliolikosa wasiandike kitu. Hapo ndipo uwasomee habari ya chokoleti, kisha uwaulize vile vipimo vingine 17 vimekwenda wapi.

Ugonjwa wa “yote uongo” unatokana na kuwapa habari mbovu tupu. Wape na nzima. Uganda, shule za msingi 120 zenye wanafunzi zaidi ya 10,000 ziligawanywa kwa kura: nusu zikafundishwa namna ya kupima madai ya tiba, masomo tisa ya dakika 80, nusu zikaendelea kama kawaida. Kipimo kikuu kilikuwa mtihani wa maswali 24, na kufaulu ni kupata 13. Waliofundishwa walifaulu 69%, wasiofundishwa 27%. Matokeo yalichapishwa 2017. Wanafunzi wako waitafutie kasoro kwa maswali yale yale. Wataona watu ni wengi, kundi la kulinganisha lipo, mgawanyo ni wa kura.

Katika kusahihisha, toa alama sawa kwa sababu ya kuamini na kwa sababu ya kutilia shaka. “Wamelipwa” pekee ipate sifuri mpaka aseme malipo hayo yangebadilisha hatua gani ya utafiti: kuchagua watu, kupima, au kuficha matokeo.